Sindano ya Kuuliza

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo wewe, na watoto hawajambo? Goti la shemeji limepona, au bado analisingizia kila akitumwa dukani? Msalimie sana, na umwambie mimi namfahamu tangu zamani. Huku tupo, tunakula na tunalala, ila shingo yangu ndiyo hiyo unayoijua.

Utaona mwandiko wa barua hii ni mzuri, basi ujue si wangu. Anaandika binti yetu, maana mimi nikiinama mezani hata kwa mistari mitatu, shingo inawaka mpaka begani na kichwa kinaanza kugonga. Nimeegemea ukuta kwenye kiti changu cha cherehani, natamka, naye ameketi kushoto kwangu, upande ambao shingo haigeuki kabisa. Nimempa sharti moja tu, aandike kila neno kama ninavyolisema, asinipunguzie wala asinisahihishe. Amecheka akasema yeye ni mpima ardhi, kazi yake ni kuandika kilichopo.

Nilikuambia kwenye simu kwamba ile sindano haikusaidia, tukaishia hapo kwa sababu watoto wako walikuwa wanapiga kelele. Leo nataka nikueleze vizuri. Daktari wa maumivu ni mwanamke wa makamo, mpole, ila ana mikono baridi kama chuma cha mkasi. Alinieleza kwamba nyuma ya shingo kuna viungo vidogo vidogo, na kila kimoja kina mshipa mwembamba wa fahamu unaopeleka habari za maumivu kichwani. Kwa miaka yote hii ya kuinamia cherehani, alihisi kwamba viungo viwili au vitatu vimechakaa. Lakini picha haziwezi kusema ni kipi kinachouma. Kwa hiyo angeitia ganzi ile mishipa, kisha tusikilize.

Akasisitiza kwamba sindano hiyo haiponyi. Ni sindano ya kuuliza. Ganzi inakaa saa chache tu, na katika saa hizo nirudi nyumbani nifanye yale yale yanayoniumiza. Maumivu yakiondoka, basi tumempata mkorofi. Wangerudia mara moja kuhakikisha, halafu wangeichoma mishipa hiyo kwa joto, nami ningepata nafuu ya miezi mingi, pengine mwaka au zaidi. Yasipoondoka, tatizo liko kwingine na hakuna haja ya kuchoma kitu. Kila kitu, alisema, kinategemea jibu langu.

Nililazwa kifudifudi, uso kwenye tundu la kitanda, wakazielekeza sindano kwa mashine ya picha. Sindano zilichoma kidogo, si za kutisha. Muuguzi akaniambia atanipigia simu jioni aniulize hali. Binti akanirudisha nyumbani, akaniketisha, akatoka kwenda kuninunulia dawa.

Wewe unajua binti alivyorudi kukaa hapa. Aliacha kazi yake ya upimaji kule mbali mwaka nilioshindwa kunyanyua mikono. Ndiye anayeniosha nywele, ndiye anayenifunga vifungo vya nyuma, ndiye anayeanika nguo. Mkuu wake alikuwa amemwahidi kumrudisha kazini kama hali yangu ingepata ufumbuzi, na alikuwa anasubiri majibu ya sindano hiyo kama sisi. Hapa kalamu imesita kidogo, nimesikia. Nimemwambia aendelee.

Sasa mdogo wangu, nisikilize. Haya ninayokuambia wewe namwambia na yeye, kwa sababu nikimtazama usoni maneno yananikwama, nimejaribu na nimeshindwa.

Sindano ilifanya kazi.

Binti hajafika hata kona ya barabara, mimi nikageuza shingo kushoto. Iligeuka. Nikaiona picha ya marehemu mume wangu ukutani bila kuzungusha mwili mzima. Nikanyanyua mikono nikashusha sufuria kubwa kutoka rafu ya juu, nikairudisha, nikaishusha tena kama mwendawazimu. Nikaketi kwenye cherehani nikashona pindo la pazia lote, nimeinama, na hakuna kilichouma. Nililia kwa furaha. Nilikuwa nimesahau mwili usiouma ukoje.

Kisha nikamsikia binti uani, amerudi, anaongea kwenye simu na mwenzake. Sauti yake ilikuwa nyepesi, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu arudi nyumbani. Alikuwa anasema majibu yakiwa mazuri mwezi ujao anasafiri, na kwamba ameshawaza hata atabeba viatu gani. Alicheka. Mimi nikatazama chumba hiki, kitanda chake, kikombe chake, nikaona jinsi kitakavyokuwa akiondoka. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi ya hilo. Alipoingia alinikuta nimeshika shingo.

Akaniuliza vipi, nikamwambia ni vile vile. Muuguzi alipopiga jioni nikamwambia ni vile vile. Daktari akasema basi hatachoma, pengine ni misuli, akaniandikia mazoezi. Binti hakulalamika. Alimpigia mkuu wake simu mbele yangu, akamshukuru, akamwambia asimsubiri tena. Wiki iliyopita tumesikia nafasi yake kapewa mwenzake waliyesoma naye. Siku hiyo aliniosha nywele kama kawaida, akaangalia maji yasije yakaniingia machoni. Tangu hapo chakula hakinishuki.

Mistari hii unayoona imepinda ni yangu. Yeye ameandika mpaka neno la mwisho hapo juu, hakupunguza kitu, akaweka nukta, akalaza kalamu mezani na kutoka nje. Nimeiokota mwenyewe. Shingo inaniwaka, na safari hii sisingizii.

Amerudi. Sikumsikia akiingia, nimeona kivuli chake kwenye karatasi. Nilidhani atapiga kelele, na ningeshukuru angepiga. Ameniuliza, "Saa hizi inauma?" Nikamwambia inauma. Ameleta mto, ameuweka nyuma ya shingo yangu, ameurekebisha mpaka ukakaa sawa. Halafu akaniambia kesho asubuhi ananipeleka kliniki, nikamweleze daktari kwa mdomo wangu mwenyewe, nikaombe warudie. Atakaa mpaka nichomwe na nipone. Kisha ataondoka, kazi iwepo isiwepo. Nikamwomba msamaha. Amesema, "Nimekusikia, mama," na sasa yuko jikoni ananipikia.

Siwezi kuandika zaidi. Wasalimie watoto wote, mmoja mmoja. Msalimie shemeji. Binti akija kwako mpokee, mtandikie vizuri, na usimuulize kitu. Akicheka, nipigie simu uniambie.

Ni mimi dada yako,
Fundi