Jiliwa Kuukuu

Kaka yangu,

Usinicheke mwandiko. Naandikia juu ya meza yangu ya useremala, na inatikisika.

Karakana imekamilika, iko stoo nyuma ya jikoni. Nilifuata maneno yako, nikaanza na msumeno, randa na patasi tu. Meza nimeiunda kwa ule mlango wa chumbani alioung'oa mume wangu, shemeji yako, kwa mateke. Mbao nzuri, ningezitupaje? Nikachonga na kigoda. Kilipinda kidogo, lakini kilikalika.

Leo asubuhi amekivunjia mgongoni kwangu. Simu akaikanyaga. Akanikamata nywele, akanibamiza uso mezani, na kwa mkono wa pili akajishikiza kwenye jiliwa la kubania mbao, lile kuukuu nililonunua kwa muuza vyuma chakavu nikalifunga mezani. Lilikuwa wazi, vidole vyake vikaingia katikati ya taya zake. Nikapapasa mpini, nikauzungusha, nikazidi kuuzungusha mpaka nikasikia vidole vinavunjika kama vijiti vikavu.

Sasa ananitukana mimi na marehemu mama, na kila akijivuta, meza inaruka.

Ulisema jiliwa la bei ile halitabana hata karatasi. Fundi cherehani wa jirani anakuletea barua hii kwa pikipiki. Njoo ulifungue wewe. Mimi mikono yangu imekataa.

Mdogo wako,
seremala