Binti wa Mzee Bura Anapita

Katesh, kwenye mashamba ya ngano

Baba, shikamoo. Upepo wa mlimani unapasua midomo, na makapi ya ngano yananiingia mpaka kwenye chai.

Jana kwenye michezo, mpira ulipokwisha, watu walianza kuondoka kabla wasichana hawajakimbia mbio zao. Kipaza sauti nilikuwa nacho mimi. Huku hakuna anayemtazama mtu asiyejua ni wa nani, basi nikatangaza: "Yule wa mbele, Paskalina, ni binti wa Mzee Bura wa Mogitu! Kila asubuhi anakimbia kupeleka maziwa kambini kwa wavunaji!" Watu wakarudi. Ndipo nikakumbuka Paskalina alivyoniomba: "Dada, usimtaje baba. Anajua nimekwenda kusaga mahindi."

Mzee Bura alikuwepo, alifuata mpira. Akainuka na fimbo, akaenda moja kwa moja kwenye njia ya wakimbiaji. Nikashusha kipaza sauti. Akainua fimbo, akawasukuma nyuma wanaume waliojazana pale. "Pisheni! Mtoto wangu anapita!"

Nilishindwa kumtangaza mshindi.

Msalimie mama, nawe ujifunike vizuri na baridi hii. Baba, sikuwahi kukuambia: siku ile ya michezo pale shuleni, ulipoondoka baada ya mpira, aliyeshinda mbio za wasichana ni mimi.

Mwanao, Rehema