Mpelelezi Niliyesafiri Naye Kordoba

Ijumaa, Bawshar. Joto na unyevu tangu asubuhi, nguo zinanata mwilini. Sijui kama nimefurahi au nimefedheheka.

Wiki iliyopita nilirudi kutoka Kordoba, kusini mwa Uhispania, nilikokaa mwezi mzima nikisoma Kihispania. Nafanya kazi mapokezi hotelini, na wageni wa lugha hiyo wanazidi kila msimu wa baridi. Sasa nataka kurudi kule kwa kozi ya miezi sita. Ruhusa iko mkononi mwa Baba, na leo baada ya chakula cha mchana ndipo alipoahidi kutoa jawabu.

Wasiwasi ndio akili, wahenga walisema, na kwa hesabu hiyo mimi nina akili nyingi mno. Mama hunicheka kwamba hata maji nikipewa nayanusa kwanza. Lakini hebu niambie, shajara yangu, nani asingeshuku? Baba yangu, anayenihoji nikienda Salala, humu humu nchini, na binamu zangu, alinikubalia Kordoba kabla chai haijapoa. Sharti lilikuwa moja tu: nifuatane na dada yake, Shangazi Zuwena.

Shangazi alikuwa ndiyo kwanza ametoka eda ya mumewe. Mjane aliyekaa ndani miezi yote ile, ghafla anapandishwa ndege kwenda Ulaya? Nikasema kimoyomoyo, huyu si msindikizaji, huyu ni jicho la Baba.

Tulipanga vyumba viwili kwa bibi mmoja, nyumba ya kuta nyeupe yenye ua katikati na vyungu vya maua hadi juu ukutani. Shangazi na yule bibi hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, lakini kila niliporudi niliwakuta wamekaa sako kwa bako wakichambua maharage, na wote wawili wanainua macho kunitazama. Kwa nini walinyamaza nilipoingia, ikiwa hawakuwa na lugha ya kuzungumza?

Kisha kulikuwa na ile sauti. Kila siku baada ya magharibi Shangazi alifunga mlango wa chumba chake, nami nikamsikia anasema kwa Kiswahili, taratibu, kwa muda mrefu. Anatua, kisha anaendelea. Mara moja nilisikia jina langu. Basi, nikajua: anamrekodia Baba ujumbe kwenye simu, taarifa ya kila siku. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaanza kujilinda.

Masomo yalikwisha adhuhuri, mimi nikamwambia yanakwisha jioni. Alasiri zangu zote nilikaa karibu na daraja la kale pamoja na wanafunzi wenzangu, tukila aiskrimu na kuharibu Kihispania cha watu. Hapakuwa na la haramu, ila nilificha kama lipo. Siku moja tu nilimpeleka Shangazi kuuona ule msikiti mkubwa wa zamani ambao sasa ni kanisa. Alisimama chini ya yale matao mekundu na meupe, midomo ikimcheza, nami nikasogea mbali naye nikajitia simjui, maana nilidhani anapanga maneno ya taarifa ya jioni.

Kwa hiyo leo nilikwenda kwa Baba nimejiandaa kama mshitakiwa. Kila shitaka nilikuwa nimeshalitungia jawabu. Wali ulikuwa mtamu, nadhani, sikumbuki. Baba akanawa mikono, akatuita sebuleni, mimi na Shangazi aliyekuja kula nasi, akanigeukia mimi.

"Haya, Rahma. Nnakuuliza wewe, maana mwenzio hakunipigia simu hata siku moja, nikimpigia ananambia mzima, basi. Dada yangu alikuwaje kule? Alikuwa anakula? Akilala? Eda ilipokwisha hataki kutoka, hataki watu, nikasema bora aende nawe, umtazame."

Mimi ndiye niliyepelekwa kumtazama yeye!

Mwezi mzima nimelala chumba cha pili yake, na sikujua kama alikuwa anakula mchana. Nilijua tu kwamba alinipikia usiku. Nikaanza kumwambia Baba habari za yule bibi na maharage yake.

"Ah, kaka," Shangazi akaingilia, anacheka. "Ulinipa mlinzi wewe. Haniachi. Kila alasiri twenda kutembea sote, mpaka miguu inaniuma."

Baba alifurahi mpaka macho yakamlegea. Akasema hiyo miezi sita niende, mtu anayemtunza mkubwa wake namna ile haogopewi popote.

Nimepata ruhusa kwa uongo ambao hata sikuutunga mimi.

Nikamrudisha Shangazi kwake Ghubra kwa gari. Hata hapo, Mungu anisamehe, kichwa changu kilikuwa kinapekua. Kwa nini ameniokoa? Anataka nini? Na kama Baba hakupata ujumbe hata mmoja, zile jioni alikuwa anasema na nani? Tulipofika taa za barabarani nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza.

Hakushituka. Alirekebisha mtandio wake kwanza.

"Nnasema na mume wangu," akasema. "Nnampa habari za siku. Hapa nyumbani siwezi, wanangu watasema nimeharibika akili. Kule nikasema kwa sauti yangu yote, maana kule hayupo anayejua Kiswahili."

"Nilikuwapo mimi, Shangazi."

Alitazama barabara. Hakuwa na hasira hata kidogo, na ningeomba angalau angekuwa nayo.

"Wewe hukuwapo, mwanangu."

Nimeshamteremsha, nimesharudi, na mwalimu wa Kordoba bado sijamwandikia kwamba nimekubaliwa. Kesho asubuhi nakwenda Ghubra kukaa naye, na alasiri sitasema nina kazi. Najua atafungua mlango anitazame, ajiulize huyu leo amefuata nini.

Akinishuku, ana haki.