Kanzu Kumi na Mbili Zimefika, na Hakuna Aliyeomba Kubatizwa

Mpendwa Bi Mize, naomba msaada wako, na naomba pia usilitaje jina langu wala kijiji changu, kwa sababu hapa Kaole gazeti lenu hufika na gari la Jumamosi na mimi ndiye ninayewasomea watu barazani, tena ukurasa wako ndio wanaoudai kwanza.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na minne, mwinjilisti, kwetu ni milima ya Taita, Kenya, na kanisa letu lilinituma huku pwani ya Tanzania mwaka jana mwezi wa Januari, wakanisindikiza hadi stendi ya Voi kwa nyimbo, mama yangu akiwa mbele, na mchungaji akatangaza kwamba kila mwezi nitaandika ripoti na itasomwa ibadani. Nilipofika nilikuta kanisa la bati lenye mabenchi manne na Wakristo watatu, polisi wawili na karani mmoja, na kabla mwaka haujaisha wote watatu walikuwa wamehamishwa, nikawa nahubiri mimi, nasikiliza mimi na amina nasema mimi.

Watu wa hapa ni Waislamu tangu mababu zao, na ubaya wao sijauona. Nilipougua malaria, jirani yangu Bi Mwanamvua, mtu wa umri wa mama yangu, aliniletea uji wa mchele asubuhi na jioni siku tisa, wala hakuniuliza nasali wapi. Serikali ilipotaka walimu wa kisomo cha watu wazima nikajitolea, nikapata wanafunzi kumi na wawili, tunasomea barazani pa kanisa kila alasiri watu wakisharudi shamba, na Bi Mwanamvua ndiye hufika wa kwanza. Halafu Mzee Mbaruku, ambaye ndiye mkubwa wa darasa, akafiwa na mama yake, nikaenda, nikapokezana jembe na wenzangu kaburini, nikakaa nao mkekani siku tatu za matanga. Basi Jumapili ya mavuno, mwezi wa Mei, nimejiandaa kuhubiria mabenchi kama kawaida, naona watu wanaingia, wote kumi na wawili, wanaume na kofia zao, wanawake wamejitanda kanga, wamebeba mihogo na nazi, wakakaa mpaka mwisho, na Mzee Mbaruku akanishika mkono akasema, "Mwalimu, ulikuja kutuzikia. Leo shughuli ni yako, nasi tumekuja."

Bi Mize, maana yake niliijua, sitakudanganya wewe pia. Lakini zaidi ya mwaka mzima nilikuwa naandika neno lile lile, naendelea kuomba, naendelea kuomba, na siku ile nilipokaa kuandika ripoti nikaandika kwamba watu kumi na wawili wameingia kanisani na wanaomba ubatizo, nikaorodhesha na majina. Mama akanijibu kwamba iliposomwa kanisa zima lilisimama. Nikashindwa kurudi nyuma. Ripoti zilizofuata nikaandika kwamba wanaendelea vizuri, jambo ambalo kwa upande wa kusoma ni kweli.

Juma lililopita nimeitwa posta ya Bagamoyo kuchukua kifurushi. Ndani mna kanzu kumi na mbili za bafta nyeupe, kila moja imetariziwa jina shingoni kwa uzi mwekundu, Mbaruku, Kitwana, Tatu, Msabaha, wote wamo, na barua ya mama inasema akina mama wa kanisa wamezishona miezi miwili, na ya Mwanamvua ameishona yeye kwa mkono wake kwa kuwa ndiye aliyenipa uji, na mchungaji atafika Jumapili ya kwanza ya Septemba kubatiza.

Nilizitandaza kitandani nizihesabu, mlango nimeuacha wazi, Bi Mwanamvua akaingia na sahani ya vitumbua, akainama, akaweka kidole kwenye uzi, akasoma polepole, Mwa-na-mvu-a. Akarudia. Akaniuliza, "Mwalimu, hii ni mimi?" Nikasema ndiyo. "Nani kanishonea?" Nikasema mama yangu. Akakaa pale chini akalia, akasema hajapata kuona jina lake limeandikwa na mtu asiyemjua, na mimi nimesimama kama mwizi, sikumwambia zimeshonwa kwa ajili gani. Siku ile ile darasa zima likapata habari, na Mzee Mbaruku akaja kuniambia kwamba mgeni wangu akifika watazivaa wote wampokee kwa heshima, kwa kuwa mgeni wangu ni mgeni wao.

Tangu hapo situlii. Nafagia kanisa nililokwisha kulifagia, natembea hadi Bagamoyo na kurudi bila shughuli, naanza sala naiacha katikati. Barua ya nyumbani nimeianza mara tano, nimeichana mara tano. Shetani ananiambia ninyamaze tu, wazivae, mchungaji amwage maji yake aondoke, kila mtu abaki na furaha yake. Nikisema kweli nitamwaibisha mama yangu mbele ya kanisa zima, na nisiposema sijui hata hii kazi niliyoijia nitaiitaje. Nifanyeje?

Mwinjilisti Asiyetulia

JIBU LA BI MIZE

Mwanangu, jina lako halimo, kijiji nimekihamisha na watu wote nimewapa majina mengine. Lakini kanzu kumi na mbili zenye uzi mwekundu siwezi kuzigeuza mashuka, na wanafunzi wako wakisomewa ukurasa huu watajitambua kabla hujageuza shingo. Kwa hiyo jibu hili nimekutumia kwa posta juma zima kabla ya kulichapa. Una siku saba.

Pole kwanza. Kukaa ugenini peke yako, unahubiria mbao, na kila mwezi unadaiwa habari njema, si kazi ndogo, na waliokutuma nao walipaswa kukuuliza hali yako kabla ya kukuuliza idadi. Pole yangu imeishia hapo.

Sasa nisikilize. Huyo unayemwita shetani mwache apumzike, sauti hiyo ni yako. Wewe unaogopa watu wako watakuangusha siku hiyo. Mimi ninachoogopa ni kwamba hawatakuangusha. Mimi ni mtu wa Pangani, nawajua. Mgeni akiwaambia wainame, watainama, ili wewe mwenyeji wake usiaibike. Mzee Mbaruku atamwagiwa maji kichwani akidhani ndivyo mnavyokaribishana huko kwenu, na Ijumaa yake ataulizwa msikitini amefanya nini. Wewe na mchungaji wako mna basi la kupanda. Yeye atazikwa hapo hapo alipomzika mama yake. Na dini yako mwenyewe, sidhani kama inamtaka mtu aliyebatizwa kwa sababu ya adabu.

Unamhofia mama yako. Ataona haya, ndiyo, na utakuwa umemtia wewe. Lakini ile kanzu alimshonea mwanamke aliyempa mwanawe uji, na hilo hukulitunga. Mwandikie hivyo.

Fanya hivi. Leo nenda posta ya Bagamoyo, mpelekee mchungaji simu ya maandishi: hakuna aliyeomba ubatizo, nilidanganya, barua inafuata. Neno "nilidanganya" usilikate ili kupunguza gharama. Akitaka kuja hata hivyo, na aje, atapikiwa. Kesho alasiri, kabla ya darasa, nenda kwa Mzee Mbaruku peke yako, umwambie kanzu ni za nini na uliandika nini juu yake. Atakasirika. Kaa hapo mkekani mpaka amalize. Ulikaa siku tatu kwa ajili ya mama yake, saa moja kwa ajili ya kosa lako hutakufa. Bi Mwanamvua mwambie kwa kinywa chako, usimtume mtu, kisha mpe kanzu mkononi aamue mwenyewe. Akiirudisha, ipokee na usimbembeleze. Akiichukua kama zawadi ya mama kwa mama mwenzake, ni yake, avae siku anayotaka, na asiwepo mtu wa kumbatiza nayo.

Na ripoti ziache kwanza. Umekuwa ukiandika kwa niaba ya watu hawa mambo wasiyoyasema. Leo wanajua kuandika, na ni wewe uliyewafundisha, na hilo nalo hukulitia chumvi. Wagawie karatasi, kila mmoja awaandikie akina mama wa kwenu analotaka yeye, kwa jina lake na mkono wake. Wewe toka nje mpaka wamalize, na bahasha wazifunge wenyewe.