Siku Niliyokataa Kuwachekea Wageni wa Ruiru

Thika, Jumapili jioni, Julai 1959

Baridi ya leo imeingia hadi mifupani, na manyunyu hayajakoma tangu asubuhi. Lakini kilichochoka zaidi ni mdomo wangu, maana niliufunga kwa nguvu wageni walipobisha hodi.

Nina meno ya kahawia.

Si uchafu. Sote tuliokulia kwenye kambi ya shamba la mkonge tuko hivyo, kwa kuwa tulinywa maji ya kile kisima kirefu cha pampu. Kambini hakuna aliyejali. Nilipokuja kufanya kazi hapa Thika, kwenye kiwanda cha mananasi, ndipo nikajua kuna watu wenye meno meupe. Mmoja wao ni Kamau wa Ruiru, aliyelelewa kwa maji ya mto. Nikajifunza kutabasamu kwa midomo tu. Kamau akasema nina haya, nami nikamwacha aamini hivyo.

Halafu akaniambia mama yake anakuja na wazee kuniposa. Ngai! Nikasugua meno kwa majivu, kwa mkaa, kwa unga wa tofali, na kwa mananasi ya kiwandani hadi ulimi ukachubuka. Meno yakabaki vilevile.

Alhamisi nikajikaza nikaenda kwa daktari wa meno, Mhindi mmoja hapa mjini. Alinichungulia, akacheka.

"Mama, hii meno iko nguvu sana. Tundu hapana hata moja!"

Akanieleza kwamba majini mle mna kitu kiitwacho floridi, na mtoto akikinywa kwa wingi kinaingia kwenye jino likiwa bado linaota. Kusugua ni kazi bure. Ikiwa kali mno, alisema, viwandani huitumia kuchora vioo. Ikiwa kidogo hulinda meno yasioze, na ng'ambo iko miji inayotia tone la floridi majini kwa makusudi. Kumbe Wazungu wanaipima kwa kijiko, sisi tulimwagiwa debe zima.

Nilitoka pale nikijua sababu ya meno yangu, na bado nikiyaonea aibu.

Basi leo wakaja, wakanikuta na wazazi wangu waliofika kutoka kambini. Kwetu, pombe ya wageni haiguswi mpaka binti aulizwe. Baba huimimina kwenye pembe na kumpa. Akinywa na kumrudishia, amekubali. Asipokunywa, wageni huondoka na pombe yao. Mimi namtaka Kamau kwa moyo wangu wote. Kilichobaki kilikuwa kunywa tu.

Hebu jaribu kunywa pombe kwenye pembe bila kufungua mdomo.

Nilipenyeza midomo kidogo mno. Pombe yote ya muratina ikateremka kidevuni hadi kwenye gauni langu jipya. Waliokuwa wamekaa mbali waliona binti akitema pombe. Mama akashika kichwa. Mama Kamau akainuka, akajifunga shuka lake vizuri.

"Twendeni. Huyu binti ametukataa."

Nikamgeukia Kamau anitetee. Alikuwa ameinama, kiganja shavuni. Hasira zikanipanda, nikasahau kila kitu.

"Kamau, si useme kitu!"

Nilipiga kelele mdomo wazi, meno yote nje, ya juu na ya chini. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama Kamau akarudi polepole, akanishika kidevu kama mtu anayechagua mbuzi sokoni.

"Kuna lililotoboka?"

"Hakuna, mama. Hata daktari ameangalia."

Akamgeukia mwanawe. "Na wewe uliyeshika shavu, fungua mdomo."

Kamau alikataa, akabembelezwa, mwishowe akafungua. Mbele meupe pepepe. Nyuma ni mashimo matupu, na karafuu imekwama kwenye moja. Miezi yote hii nilidhani ile harufu yake ya karafuu ni manukato! Maskini, alikuwa hana usingizi kwa maumivu, na mimi alikuwa akinificha.

Mama yake akacheka mpaka akakaa chini.

"Wazee, mimineni tena. Nimepata wa kumtafunia mwanangu nyama."

Nikacheka na mimi, mara ya kwanza mbele ya Kamau. Akanitazama mdomoni, akasahau jino lake. Nikanywa kwa kinywa kizima, nikampa Baba pembe.

Kesho baada ya kazi nitamburuta kwa yule daktari, alie apendavyo. Mimi nitamngoja mlangoni nikiwachekea wapita njia.

Jambo moja tu ndilo linanisumbua sasa. Watoto wetu tutawanywesha maji gani, ya kisima chetu au ya mto wao?

Labda tuyachanganye.