Ahadi ya Mfaransa kule Sinaw

Salma mjukuu wangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika Nizwa. Bibi yako hajambo, anakuwekea tende.

Unauliza yule Mfaransa niliyekuwa mkalimani wake alisoma nini hata akaja kuongoza kampuni ya bima kwao. Alisoma sheria, Paris. Lakini mimi namkumbuka Sinaw, mji wa soko hapa Oman, miaka ya themanini. Mafuriko ya wadi, bonde la mto mkavu, yalichukua lori la mfanyabiashara wa mbuzi, naye akakataa fidia ya bima aliyoletewa na Mfaransa. "Amri ya Mungu hailipwi," alisema.

Mtu mwengine angeshukuru, akaondoka. Mfaransa aliweka chini kikombe cha kahawa.

"Mwambie, lori kalichukua Mungu. Ahadi niliitoa mimi."

Nikafungua mdomo nimfasirie. Mwenye lori, aliyekuwa akimtazama Mfaransa usoni, akanizuia kwa mkono, akasema, "Basi, nishafahamu," akaipokea fidia.

Babu yako