Pedeli ya Kushoto

Kwako Baba Zuhura,

Hali yako siiulizi, mdogo wako Mudi ameshaniambia umenenepa huko Bunju. Bahasha sikuigundisha, na ni makusudi. Nimemwambia Mudi aisome kwa sauti pale kijiweni kwenu Manzese, mbele ya walewale uliowasimulia habari zangu, ndipo akuletee. Ulinisema hadharani, na mie nakujibu hadharani.

Umemtuma aje kuchukua ile BMX nyekundu. Hata neno "naomba" limekushinda. Eti, "Mwambie Mama Zuhura akupe baiskeli yangu, Jumapili tunaonyesha za zamani pale uwanjani." Yangu! Haya, ngoja nikukumbushe.

Siku unaileta, mitumba ndiyo ilikuwa imeanza kumwagwa, kila kitu ruksa, wenzako wanarudi makwao na redio na mapazia. Wewe ukaja na chuma kimeoza, hakina cheni, kiti kimeliwa na panya. Nilikuwa na tumbo la miezi saba. Nikakuuliza, "Sasa hiki ndicho kitanda cha mtoto?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukaniambia, "Mke wangu, hii ni BMX, zile za mwanzo kabisa. Ikipona hii, mtaa utasimama." Nikaamini. Nilikuwaga naamini kila kilichotoka mdomoni mwako, na hilo kosa langu nalikubali.

Ikaja ya pili, ya tatu, mpaka zikafika tano katika chumba kimoja. Tulilala miguu iko chini ya usukani. Nati zenye kutu uliziloweka kwenye mafuta ya taa, ndani ya kopo langu la chumvi, wala hukuniuliza. Kutu ya vyuma vinavyong'aa niliitoa mie, kwa zile karatasi za rangi ya fedha za pakiti za sigara, unazichovya kwenye maji na kusugua, unachovya na kusugua, mpaka unajiona uso. Vidole vyangu vilinuka chuma hata nikimlisha Zuhura uji. Ule mto wa sponji unaovalishwa bomba la juu la fremu ulikuwa umechanika. Nikachukua kanga niliyombebea mtoto mgongoni, ile ya maua ya manjano, nikaikata, nikaushonea nguo mpya. Kanga ilikuwa moja, Baba Zuhura. Sikuwa na nyingine ya kumbebea.

Nakumbuka na mazuri, sitakudhulumu. Jioni moja ulirudi uwanjani umejaa vumbi, ulikuwa umenyanyua tairi la mbele ukazunguka uwanja mzima, watu wanapiga mbinja. Ukampandisha Zuhura kwenye kiti, mwaka wa pili hajautimiza, ukamshika kiuno. Ukamwambia, "Hii yako, mwanangu. Miguu ikifika kwenye pedeli, uiendeshe." Mie nilikuwa nafua mlangoni. Mama Hadija wa chumba cha pili naye alisikia. Siku ile nilikupenda mpaka nikaona haya.

Sasa tuje kwenye ile pedeli.

Ulitaka kuitoa ya kushoto uifanyie usafi. Ikagoma. Ukaniita, ukanipa spana uliyoiunga na bomba refu, wewe ukashika fremu. Nikakuuliza, "Upande huu?" Ukasema, "Kila nati duniani inafunguka upande mmoja, vuta!" Nikavuta. "Vuta, mwanamke, hukula?" Nikavuta kwa nguvu zangu zote, kikalia kitu kama jino linang'oka. Uzi wa skrubu ndani ya mkono wa pedeli ukasagika wote.

Kesho yake kijiwe kizima kilijua. "Mama Zuhura ana mkono wa kuharibu." Likawa jina. Maziwa yakifurika, mkono wa kuharibu. Glasi ikivunjika, mkono wa kuharibu. Ulinikataza kugusa hata pampu. Na ile mimba ya pili ilipotoka, nimelala kitandani sijaweza kusimama, dada yako akasema pale pale miguuni pangu, "Si ndiyo huo mkono wake." Ulikuwa umesimama mlangoni. Nilikutazama wewe, sikumtazama yeye. Ukanyamaza, ukatoka nje kwenda kupanguza baiskeli zako.

Ulipohama ulibeba nne. Nyekundu ukaiacha, ukasema imekufa.

Nilikaa nayo miezi. Siku moja nikaikokota mpaka kwa Mzee Kibwana, yule fundi wako. Nikampa shikamoo yake, nikamwambia, "Mzee, huu mkono niliuharibu mie." Akauangalia, akaniangalia mie. "Nani alikufundisha kufungua pedeli ya kushoto hivi? Hii uzi wake unakwenda kinyume. Ukidhani unafungua, ndiyo unakaza." Nikamwambia nani alinifundisha. Mzee akaweka spana chini. Akasema, "Mwanangu, mumeo alikuja na mkono huu siku ileile, nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Akaniomba, 'Mzee, nyumbani wasijue.'"

Siku ileile! Kumbe ulijua kabla jua halijazama. Ukarudi, ukala ubwabwa niliopika, na asubuhi ukaenda kijiweni kunipa jina. Umenitazama nalibeba miaka minne. Mie darasa la saba langu linanitosha kujua mtu wa hivyo anaitwaje, lakini barua hii Zuhura ataisoma akikua, kwa hiyo neno hilo nalimeza.

Mzee Kibwana alitafuta mkono mwingine kwenye vyuma vyake chakavu. Hakunifungia. Alinipa spana, akasema, "Funga mwenyewe." Nikafunga. Tangu hapo kila nikipata nafasi nakaa kwake. Sasa nanyoosha ringi, napanga gololi, na sijaharibu kitu.

Basi leo alasiri Mudi akaja na gunia, anataka kutoa pedeli ili baiskeli ienee ndani. Nikampa spana. Nikaenda kukaa kizingitini na bakuli langu la mchele, nachambua. Ya kulia ikatoka vizuri. Akaja kwenye ya kushoto. Akavuta. Akavua shati. Akakanyaga spana kwa mguu. Mama Hadija akamuuliza, "Mudi, unafungua au unafunga nayo ndoa?" Uani wote kicheko.

"Shemeji, imeganda hii."

"Haijaganda, shemeji. Unaikaza. Nani kakufundisha?"

Akakutaja wewe.

Nikaweka mchele chini, nikashika spana, nikageuza upande wangu. Ilitaka nguvu kidogo, maana Mudi alikuwa ameikomelea, kisha ikaachia. Nikamwonyesha pedeli kiganjani, akaigeuzageuza. Halafu nikairudisha, na ya kulia pia, nikazikaza mwenyewe mbele yake. Gunia lake anarudi nalo bila baiskeli, ndani yake nimetia barua hii tu.

Jumapili BMX nyekundu itakuja uwanjani, usiwe na wasiwasi. Itakuja na Zuhura juu yake. Miguu imefika, Baba Zuhura. Imefika tangu mwezi uliopita, alilia kwa furaha, na mie nikalia naye. Tairi la mbele bado hanyanyui, lakini atanyanyua, namjua. Utaiona kanga yangu kwenye bomba la juu. Usije kushika usukani, na usimwambie mtu kwamba uliifufua wewe. Mtoto akikupa shikamoo, mwitikie vizuri, yeye hana ugomvi na wewe. Mwenye ugomvi ni mie.

Na wakikuuliza pale uwanjani nani fundi wake, safari hii usinyamaze.

Mudi, ukifika hapa ikunje, umpelekee.

Ni mie,
Mama wa mwenye baiskeli